Faili Zinapanda Polepole kwa Setilaiti: Je, Tununue Megabiti Zaidi?

Swali: Kampuni yetu ya upimaji wa ardhi ina ofisi hapa Mombasa na kambi ya kazi upande wa Kiunga, Lamu, ambako hatuna faiba wala mtandao wa simu wa kutegemewa. Kila jioni kambi hututumia picha za droni, kama jigabaiti 2, kwa FTP, njia ya zamani ya kutuma faili, kupitia dishi la setilaiti. Tunalipia megabiti 8 kwa sekunde za kupandisha, lakini faili hupanda kwa kilobiti 840 hivi na hazizidi hapo, hata usiku wa manane. Ping, yaani muda wa ujumbe mfupi kwenda na kurudi, kutoka kambini hadi seva ya ofisi ni milisekunde 620. Zamani hali ilikuwa afadhali. Iliharibika tulipoweka VPN ya IPsec, yaani njia inayoficha data yote inayopita, kati ya kambi na ofisi. Anayetuuzia huduma anatushauri tupande hadi megabiti 16. Je, tukubali? — Fundi wa kompyuta, Mombasa

Jibu: Msikubali, angalau kwa sasa. Mkihamia megabiti 16 leo, kesho jioni faili zenu zitapanda kwa kilobiti zile zile 840, na tofauti mtaiona kwenye ankara ya mwisho wa mwezi tu. Nalisema hili bila kufika Kiunga kwa sababu mambo matatu uliyoyaandika, yaani milisekunde 620, kilobiti 840, na kule kutozidi hata wakati ambapo hakuna mtu mwingine anayetumia laini, yote yanaelekeza mahali pamoja, na mahali penyewe si ukubwa wa kifurushi mlichokodi.

Tuanze na zile milisekunde 620. Muda wa namna hiyo ni dalili kwamba dishi lenu linaelekea setilaiti ya mzunguko wa juu, iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambayo kwa aliye chini huonekana imetulia mahali pamoja kwa kuwa huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kupanda hadi huko peke yake ni kama milisekunde 120, kushuka hadi kituo cha ardhini cha mtoa huduma ni 120 nyingine, na jibu nalo lina safari kama hiyo ya kurudi. Hapo tayari zimekwenda 480. Zilizobaki huliwa na modemu, ambayo hungoja zamu yake ya kutuma kwa kuwa masafa mnagawana na wateja wengine, na vilevile na njia ya nchi kavu na ya nyaya za baharini inayoileta data kutoka kwenye kituo hicho, ambacho aghalabu kiko nje ya nchi, hadi seva yenu ya Mombasa. Mtoa huduma anaweza kuwapunguzia kidogo katika hizo zilizobaki. Zile 480 hazipunguziki kwa bei yoyote, maana ni umbali, na umbali hauuzwi kwa vifurushi.

Sasa tazama jinsi umbali huo unavyogeuka kuwa kilobiti 840. FTP, SFTP, HTTPS ya kawaida na njia nyingi nyingine za kutuma faili hutegemea itifaki ya TCP, na TCP haimwagi data ovyo: hutuma kiasi fulani, kisha husimama ikingoja upande wa pili uthibitishe kwamba kiasi hicho kimefika. Ni kama mwenye ghala wa Mombasa anayepeleka mzigo Lamu kwa jahazi na kukataa kutoa zaidi ya magunia mia kabla stakabadhi zilizotiwa sahihi hazijarudi. Hata akiongezewa majahazi kumi, yatakayofika kwa kila safari ni magunia yale yale mia. Kiasi hicho kinachoruhusiwa kuwa njiani bila kuthibitishwa huitwa dirisha, na anayekitangaza ni mpokeaji, yaani kwenu ni seva ya ofisi. Kanuni za TCP za mwaka 1981 zilikitengea nafasi ya biti 16 katika kichwa cha pakiti, yaani maelezo yanayotangulia kila kipande cha data, kwa hiyo hakiwezi kuzidi baiti 65,535. Fanya hesabu mwenyewe: baiti 65,535 mara 8 ni biti 524,280, zigawe kwa sekunde 0.62, utapata biti 845,613 kwa sekunde. Hizo ndizo kilobiti 840 zenu, karibu sawasawa. Hesabu hiyo haina mahali popote panapouliza mmelipia megabiti ngapi.

Ili kuijaza njia ya megabiti 8 yenye mzunguko (muda wa data kwenda na uthibitisho kurudi) wa sekunde 0.62, mnahitaji kuwa na biti 4,960,000 hewani kwa wakati mmoja, yaani baiti 620,000. Dirisha mlilo nalo ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya hilo. Ndiyo sababu jigabaiti 2 zinawachukua zaidi ya saa tano, ilhali kwa megabiti 7.5 halisi zingemalizika kwa dakika 36 hivi.

Tatizo hili lilikwisha kupatiwa dawa. Mwaka 1992 ulitolewa waraka wa kanuni za kulikuza dirisha, ukarekebishwa mwaka 2014, na kwa kanuni hizo dirisha linaweza kufika jigabaiti 1. Sharti lake ni kwamba pande zote mbili zilitaje jambo hilo katika pakiti mbili za mwanzo kabisa za muunganisho. Upande mmoja ukinyamaza, au kifaa kilicho katikati kikiliondoa neno hilo, pande zote hurudi kwenye baiti 65,535 bila ilani, bila kosa kuandikwa popote, na faili huendelea kupanda kwa utulivu kana kwamba mambo ni shwari. Linux na Windows za miaka mingi sasa hulikuza dirisha zenyewe, kwa hiyo ninaposikia kisa kama chenu, wa kwanza ninayemshuku ni programu ya FTP ya zamani iliyojipangia bafa yake (sehemu ya kumbukumbu ya kushikilia data) ya kilobaiti 64. Programu ikishajipangia bafa, Linux huheshimu kauli yake na kuacha kuikuza. Wa pili ni faiawoli, kinga ya mtandao inayochuja pakiti.

Lakini mbona zamani hali ilikuwa afadhali, na programu ilikuwa ile ile? Jibu liko kwenye modemu yenu na VPN. Watengenezaji wa modemu za setilaiti wanaijua vizuri hesabu niliyoionyesha, na kwa hiyo huweka ndani ya modemu wakala wa kuharakisha TCP. Kompyuta ya kambini inapotuma data, wakala huyo huipokea papo hapo na kutoa uthibitisho mwenyewe, kabla hata data haijaondoka Kiunga. Kisha huivusha angani kwa itifaki yake iliyoundwa kwa ajili ya safari ndefu, na mwenzake aliye kwenye kituo cha ardhini huifungulia muunganisho mwingine wa TCP hadi ofisini. Kompyuta inaona mzunguko wa milisekunde chache, na dirisha dogo halidhuru tena. IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, iliwaeleza mawakala hawa katika waraka wa mwaka 2001, na haikuficha kasoro yao: ili wafanye kazi ni lazima wakione kichwa cha TCP. IPsec hukificha kichwa hicho pamoja na kila kilichomo. Siku mlipoiwasha VPN, modemu ilianza kuona pakiti zilizofichwa tu, wakala akakosa kazi, na programu yenu ikabaki peke yake na dirisha lake la kilobaiti 64 mbele ya kilomita 35,786.

Nitaje hapa jambo la historia, kwa sababu linaeleza kwa nini ushauri wa kununua zaidi umekuwa jibu la kwanza la wauzaji wengi. Hadi mwaka 2009, nyaya za faiba za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970 ndicho kilichokuwa mlango mkuu wa mawasiliano ya nchi na nje. Mafundi wa zama hizo walilazimika kuyajua madirisha ya TCP. Waliokuja baada ya faiba wamezoea njia ambayo, ukiongeza megabiti, kasi huongezeka, na hilo ni kweli pale mzunguko ulipo milisekunde 10 au 20. Kwa setilaiti ya juu si kweli.

Kabla ya kubadilisha chochote, pimeni, ili msiichukue dhana yangu kama hukumu. Wekeni iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye seva ya ofisi na kwenye kompyuta ya kambini, na mfanye vipimo vitatu kutokea kambini, kila kimoja cha dakika moja, wakati ambapo hakuna mwingine anayetumia laini. Cha kwanza kiwe cha muunganisho mmoja ndani ya VPN. Cha pili kiwe cha miunganisho minane kwa pamoja ndani ya VPN, kwa kuongeza -P 8 kwenye amri. Cha tatu kiwe cha UDP, itifaki isiyongoja uthibitisho, kwa kasi ya megabiti 7, ambacho hakijali dirisha na kitawaonyesha pakiti ngapi zinapotea. Zingatieni kwamba iperf3 hutumia bafa za mfumo wenyewe, si za programu yenu ya FTP. Kwa hiyo, ikiwa muunganisho mmoja wa iperf3 utafika megabiti 6 au 7, njia ni nzima na mwenye makosa ni programu ya FTP. Ikiwa muunganisho mmoja utagota kwenye kilobiti 840 na minane ikafika karibu mara nane, basi kuna kifaa njiani kinachoondoa ukuzaji wa dirisha. Ikiwa hata minane kwa pamoja haisogei mbali, na UDP inapoteza pakiti, tatizo liko hewani au kwenye nyaya za dishi, nami nitalirudia hilo mbele kidogo.

Kumkamata anayeondoa ukuzaji wa dirisha si kazi ngumu. Fungueni Wireshark, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, kwenye kompyuta ya kambini na kwenye seva ya ofisi kwa wakati mmoja, anzisheni muunganisho, kisha tazameni pakiti ya kwanza yenye alama ya SYN, ile inayofungua muunganisho, pande zote mbili. Kwenye orodha ya nyongeza za TCP kuna mstari wa Window scale, ambao kwa kawaida huwa na namba 7, yaani dirisha lizidishwe mara 128. Ikiwa pakiti imeondoka Kiunga ikiwa na mstari huo na imefika Mombasa bila ya mstari huo, kuna kifaa kati yao kilichoufuta, na mara nyingi ni faiawoli iliyowekewa sheria ya kusafisha nyongeza za TCP na mtu aliyedhani anaongeza usalama. Mkiona mstari upo pande zote na bado kasi ni ile ile, tazameni namba ya dirisha inayotangazwa na seva wakati faili inapanda. Ikikaa kwenye 65,535 au chini yake bila kupanda, programu ndiyo inayoibana.

Dawa ninayoipendelea kwa hali yenu ni kuiondoa kazi hii moja, ya kutuma picha, kutoka ndani ya VPN, na kuacha FTP kwa jumla. Tumieni SFTP, au rsync (programu ya kunakili faili) juu ya SSH (itifaki ya muunganisho unaoficha yaliyomo), moja kwa moja hadi kwenye anwani ya nje ya seva ya ofisi. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, wakidhani nje ya VPN ni sawa na kutuma data ikiwa uchi. Sivyo. SSH huficha yaliyomo kwa nguvu ile ile ambayo mngeipata kwa VPN, lakini hufanya hivyo juu ya TCP, kwa hiyo kichwa cha TCP hubaki wazi na wakala wa modemu anarudi kazini bila kusoma hata picha moja. HTTPS ya kawaida nayo ni hivyo hivyo. QUIC, itifaki mpya iliyopitishwa mwaka 2021 na inayotumiwa na vivinjari vingi, si hivyo: hupita juu ya UDP na huficha hata yale ambayo wakala angehitaji kuyaona, kwa hiyo kwa dishi la juu msishangae mkiona tovuti moja inakwenda kasi na nyingine inazubaa. Kwa upande wa usalama, seva ikubali ufunguo wa SSH tu na si neno la siri, mlango wake ufunguliwe kwa anwani ya kambi peke yake, na mtumiaji huyo aruhusiwe kuandika kwenye folda moja tu.

Muulizeni pia mtoa huduma, kwa maandishi, kama uharakishaji wa TCP umewashwa kwenye modemu yenu na kwenye kituo chake. Kuna vifurushi ambavyo huo ni leseni ya pembeni, na haina maana kuutegemea usiokuwepo.

Ikiwa mkataba na mteja wenu unawalazimisha kila kitu kipite ndani ya VPN, basi mtafanya kazi ambayo wakala angewafanyia. Kwenye seva ya Mombasa, ambayo ndiyo inayopokea na kutangaza dirisha, hakikisheni kwamba thamani ya mwisho ya net.ipv4.tcp_rmem, mpangilio wa Linux wa bafa ya kupokea, haipungui baiti 4,194,304, na kwenye kompyuta ya kambini, kama ni Linux, thamani ya mwisho ya net.ipv4.tcp_wmem iwe kama hiyo. Mara nyingi mtakuta tayari ni hivyo, na hapo mtajua kwamba kinachobaki ni kubadilisha programu. Njia ya kudhibiti msongamano huwekwa kwa anayetuma, yaani kambini, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea: huibadilisha seva ya ofisi, wakapima kupandisha, wakasema haisaidii. CUBIC, ambayo Linux huitumia pasipo kuambiwa, huchukulia kila pakiti iliyopotea kuwa ishara ya msongamano na kupunguza kasi, na kwa mzunguko wa milisekunde 620 kuipandisha tena huchukua muda. BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, hukadiria kasi ya njia na muda wa mzunguko badala ya kuogopa kila pakiti iliyopotea. Jaribuni hiyo kwanza. Ipo pia Hybla, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Bologna mahsusi kwa setilaiti, na imo ndani ya Linux, ila sioni sababu ya kuanza nayo. Haya yote hayana athari kubwa pale wakala wa modemu anapofanya kazi, maana kompyuta yenu inakuwa inazungumza na modemu iliyo chumba cha pili, si na Mombasa.

Mkibaki na VPN, punguzeni pia ukubwa wa vipande vya TCP, yaani MSS, hadi 1360 hivi, ili pakiti zikishaongezewa vichwa vya IPsec zisizidi baiti 1500 na kukatwa vipande njiani. Na VPN yoyote mtakayoibadilisha baadaye isiwe ya kubeba TCP ndani ya TCP. WireGuard, au OpenVPN ikiwa kwenye UDP, ni salama kwa hilo.

Kuna jambo hukulitaja ambalo huenda linawala muda zaidi kuliko mnavyojua. Picha za droni ni faili nyingi, na FTP hufungua muunganisho mpya kwa kila faili. Chukua picha ndogo ya kilobaiti 200. Ombi la kufungua njia ya data ni mzunguko mmoja, kuunganisha ni mwingine, amri ya kuhifadhi ni mwingine. Kisha TCP huanza kwa tahadhari, ikituma pakiti kumi, halafu ishirini, halafu arobaini, na hivyo hivyo, hata kilobaiti 200 zikahitaji mizunguko minne. Jumla ni mizunguko saba, yaani sekunde 4.3. Picha kama hizo 1,000 ni dakika 72 za kungoja, ingawa uzito wake wote, megabaiti 200, ungepita kwa megabiti 8 ndani ya dakika nne. Dirisha kubwa haliponyi ugonjwa huu, na wakala wa modemu huuponya nusu tu, kwa kuwa amri za FTP bado zinasubiri majibu kutoka Mombasa. Dawa ni kuzifunga picha za siku nzima katika faili moja ya tar, au kutumia rsync, ambayo huzipitisha zote katika muunganisho mmoja bila kungoja kila moja. Msijisumbue kuzibana, kwa sababu JPEG imekwisha kubanwa na mtaichosha kompyuta bure. Lakini wekeni --partial kwenye rsync, ili laini ikikatika katikati ya faili kubwa msianze upya. Na kama ofisi inahitaji tu kujua usiku huo kwamba droni imepita palipotakiwa, tumeni kwanza nakala ndogo za picha, na zile kubwa zifuate hadi alfajiri.

Nirudi kwenye upotevu wa pakiti, kwa sababu unaweza kuwadanganya. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walionyesha kwamba, kwa TCP ya kanuni za wakati huo, kasi hushuka kadiri mzunguko unavyorefuka na kadiri kipeuo cha pili cha upotevu kinavyoongezeka. Kwa mzunguko wenu, pakiti moja inayopotea katika kila 1,000 ingetosha kuwaweka kwenye kilobiti 730 hivi, namba iliyo karibu sana na yenu. Kwa mzunguko wa milisekunde 50, upotevu huo huo ungewaachia karibu megabiti 9. CUBIC ni afadhali kidogo kuliko hivyo, lakini mwelekeo ni huo. Tofauti yake na ugonjwa wa dirisha huonekana kwenye mchoro wa kasi: dirisha dogo hutoa mstari ulionyooka saa zote, kama ulivyosema wewe, ilhali upotevu hupandisha na kushusha.

Pwani yetu ina sababu zake za upotevu. Masika inapokolea, mvua huyafifisha mawimbi, zaidi kwenye bendi ya Ka, yenye gigahezi 20 na 30, kuliko kwenye Ku, yenye 12 na 14. Modemu nyingi za sasa hubadili namna ya kusimba mawimbi ili laini isikatike, na gharama yake ni kwamba megabiti 8 hupungua mvua inapopita. Hilo si kosa la mtu. Karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti kwa dakika chache kila siku kwa siku kadhaa, na laini hupotea kabisa katika dakika hizo, msimwite fundi. Kinachostahili fundi ni chumvi. Upepo wa bahari huingia kwenye viungio vya nyaya pale kwenye mkono wa dishi, shaba hugeuka kijani, na upotevu huanza taratibu, kwanza wakati wa unyevu wa alfajiri tu. Fungueni viungio hivyo huku modemu ikiwa imezimwa, tazameni rangi ya ncha ya waya, badilisheni vilivyoliwa, na mvifunge kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, si ule wa umeme wa dukani ambao jua la Kiunga huufumua kwa miezi michache. Kisha andikeni kipimo cha nguvu ya mawimbi kinachoonyeshwa na ukurasa wa modemu siku ya anga safi, mbandike karatasi hiyo juu ya modemu, ili siku nyingine mjue kama mmeshuka.

Pengine mtajiuliza kama si rahisi zaidi kuhamia setilaiti za chini. Starlink, ambayo setilaiti zake ziko kilomita kama 550 juu, inauzwa Kenya tangu Julai 2023, na mzunguko wake huwa makumi ya milisekunde badala ya mamia. Kwa milisekunde 50, hata lile dirisha la baiti 65,535 lingewapa karibu megabiti 10.5, na FTP yenu ya zamani ingeonekana imepona. Kwa kambi inayohama, mimi ningelipima jambo hilo kwa uzito. Ila setilaiti hizo hupita, na dishi hubadilisha setilaiti kila mara, hivyo muda wa mzunguko hurukaruka na pakiti hupotea katika mabadiliko hayo. BBR ina faida huko kuliko CUBIC. Dishi nalo linataka anga iliyo wazi pande nyingi, na mkilitundika chini ya minazi mtakatikiwa mara kwa mara bila kujua sababu.

Mkibaki na dishi la sasa, fanyeni jambo moja zaidi kwenye ruta ya kambi: washeni foleni ya fq_codel, inayozuia pakiti kungoja muda mrefu, na mpunguze kasi ya kupandisha hadi megabiti 7.5, chini kidogo ya ile mnayolipia. Faili zitakapoanza kujaza njia, ambalo sasa hazifanyi, foleni ndefu ingejengeka ndani ya modemu na simu za video za wafanyakazi zingekuwa hazisikiki. Foleni ikiwa kwenye ruta yenu, mnaitawala nyinyi.

Baada ya hayo, rudieni kipimo cha iperf3 saa kumi alfajiri na saa mbili usiku, kwa siku kadhaa. Ikiwa alfajiri mnapata megabiti 7 na usiku mnapata 3, mnagombania masafa na wateja wengine wa kituo hicho hicho, na hapo ndipo pana haki ya kuzungumza na muuzaji. Hata hivyo msimwombe megabiti 16 za kugawana, kwa sababu mtagombania 16 kama mlivyogombania 8. Mwombeni aandike kwenye mkataba kiwango cha chini kisichopungua saa yoyote, na akubali kipimo kiwe ni hicho chenu. Na ikiwa alfajiri na usiku zote zinatoa 7, jigabaiti 2 zitawafikia kabla chakula cha usiku hakijapoa, na hamna haja ya kununua kitu.